Baraza Bila Mwenye Nyumba: Uhakiki wa Jumuiya za Mtandaoni za Handeni na Korogwe

Utangulizi

Utamaduni wa taifa hauishi katika ngoma na mavazi peke yake. Unaishi pia katika namna watu wanavyokutana, wanavyopashana habari, wanavyobishana bila kuvunjiana heshima, na wanavyokubaliana kufanya kazi ya pamoja. Kwa hiyo mhakiki anayeshughulikia vitabu na michezo ya kuigiza tu, akaacha kando mahali ambapo umma huzungumza kila siku, atakuwa ameacha sehemu kubwa ya kazi yake. Zamani mahali hapo palikuwa barazani, chini ya mwembe, sokoni, au kituoni wakati wa kungojea garimoshi. Leo, kwa watu wengi wa wilaya za Handeni na Korogwe, kama ilivyo kwa Watanzania wengine, mahali hapo pamo pia ndani ya simu.

Katika makala haya tunakusudia kuzihakiki jumuiya za mtandaoni zilizojengwa kwa jina la wilaya hizo mbili: blogu, kurasa, na makundi ya simu ya kijiji, shule, ukoo au kazi. Tutauliza zimejengwaje, nani anazitunza, na zina faida gani kwa watu ambao zinajiita kwa jina lao. Hoja yetu ni moja. Jumuiya haijengwi na chombo, wala na wingi wa watu. Hujengwa na watu wanaobeba dhamana ya neno linalosemwa pale, kwa kanuni zinazojulikana na wote, na kwa kazi inayoonekana nje ya mazungumzo. Jumuiya nyingi za mtandaoni za Handeni na Korogwe zimepata watu kabla ya kupata dhamana hiyo, na hapo ndipo penye udhaifu wake.

Jumuiya ya wasioonana si jambo geni

Wako wanaodhani kwamba kabla ya intaneti watu wasioonana kwa macho hawakuweza kuwa jumuiya. Historia ya kaskazini mashariki mwa nchi yetu yaikanusha dhana hiyo. Katika miaka ya 1890 misheni ya Kianglikana ya UMCA ilikuwa ikichapa gazeti la Kiswahili, Habari za Mwezi, huko Magila karibu na Muheza. Misheni hiyo ilikuwa na kituo Korogwe pia. Mtambo huo huo wa Magila ndio uliotoa kwa sehemu, hadi mwaka 1907, Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, kitabu ambacho ni nguzo mojawapo ya historia ya Usambara na nchi zinazoizunguka. Kuanzia mwaka 1904 shule ya serikali ya Wajerumani mjini Tanga ikatoa gazeti la Kiongozi, na miongoni mwa waandishi wake walikuwamo walimu na makarani waliosomea hapo kisha wakatawanyika kazini. Mwaka 1923 likazaliwa Mambo Leo chini ya Idara ya Elimu ya serikali ya Kiingereza, na kurasa zake za barua na mashairi zikawakutanisha watu wa pwani na wa bara ambao wasingekutana maisha yao yote.

Hatusemi kwamba magazeti hayo yalikuwa huru. La kwanza lilikuwa la wamisionari, la pili la Wajerumani, la tatu la Waingereza. Kila moja lilikuwa na bwana wake, na kila bwana alikuwa na mambo asiyotaka yasemwe. Hata hivyo yalikuwa na sifa moja inayotuhusu. Aghalabu barua ilikuja na jina la mtu na mahali atokako, na mhariri alijulikana. Msomaji aliyesingiziwa alijua aandike wapi, na aliyesema uongo alijua atajibiwa mwezi unaofuata.

Mfano ulio karibu zaidi na siasa yetu ya ujenzi wa taifa ni kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Katika kampeni hiyo watu wazima wapatao milioni 2 walikutana kwa vikundi nchini kote. Walisikiliza kipindi cha redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo, kufyeka majani karibu na nyumba na kufukia madimbwi. Kabla ya redio kufunguliwa, maelfu kwa maelfu ya viongozi wa vikundi walikuwa wamekwisha kufundishwa kazi yao. Hilo ndilo jambo la kukumbuka. Redio ilikuwa chombo, lakini kilichoifanya kampeni ifaulu ni yule mwananchi aliyefundishwa kuongoza mazungumzo ya wenzake bila kuyateka, na lile jembe lililochukuliwa baada ya mazungumzo. Chombo kilisema na watu milioni 2, ilhali jumuiya ilikuwa watu wachache waliokaa pamoja na kujuana kwa majina.

Kutoka ukurasa wa wazi hadi chumba cha ndani

Historia ya blogu za Kiswahili ni fupi, lakini ina mafunzo. Mwaka 2004 Ndesanjo Macha, akiwa Marekani, alianzisha Jikomboe, na kwa maandishi yake akawashawishi Watanzania wengine waandike kwa lugha yao mtandaoni. Mwaka 2005 mpigapicha Issa Michuzi akaanza blogu yake, ambayo baadaye aliiita Globu ya Jamii. Mwaka 2006 likaanzishwa jukwaa lililokuja kuitwa JamiiForums.

Yafaa tuitazame kazi ya Michuzi kwa jicho la uhakiki, kwa kuwa ndiyo iliyoigwa sana wilayani. Nguvu yake haikuwa katika maandishi marefu. Ilikuwa katika picha, matangazo ya misiba na harusi, na katika namna mwenyewe alivyokaa na wasomaji. Wasomaji walimwita Ankal, naye akawaita wadau. Katika majina hayo mawili mna nadharia nzima ya jumuiya: kuna mjomba mwenye nyumba, na kuna watu wenye sehemu yao katika mambo ya nyumba. Mtanzania aliyekuwa Ulaya au Marekani alijua kwamba habari ya msiba ikiwekwa hapo, mjomba amekwisha kuipokea kutoka kwa wenyewe. Kulikuwa na mzaha mwingi, na pengine umbeya, lakini mlango ulikuwa na mtu.

Handeni nako kulipata blogu ya namna hiyo. Handeni Kwetu, iliyoendeshwa na mwandishi wa habari Kambi Mbwana, ilichukua habari za wilaya ambayo magazeti ya Dar es Salaam yaliikumbuka hasa wakati wa njaa au wa uchaguzi. Jina lake lenyewe lilikuwa tamko. Desemba 2013 likafanyika mjini Handeni tamasha la utamaduni lililobeba jina hilo. Sisi twaona kwamba hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote iliyofanya blogu hiyo. Maneno yalishuka kutoka kwenye kioo yakawa ngoma uwanjani. Watu waliokuwa wasomaji wakawa majirani tena, hata kama kwa siku moja tu.

Baada ya hapo mambo yaligeuka kwa sababu mbili. Ya kwanza ni simu janja, ambayo ilimwezesha kila mtu kufungua kundi lake kwa dakika moja bila kujua kuandika makala. Ya pili ni sheria. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu awe na leseni, na gharama zake za mwanzo zilipita shilingi milioni 2. JamiiForums yenyewe ilisimama kwa muda Juni mwaka huo. Kanuni zilirekebishwa mwaka 2020 na tena 2022, lakini athari ya awali ilikuwa imekwisha kutokea. Mwandishi wa gazeti kubwa angeweza kutafuta mfadhili. Mwalimu wa Kwamsisi au karani wa Mombo aliyekuwa akiandika habari za kijiji chake kwa mapenzi tu asingeweza. Nia ya kanuni ilikuwa kupata mtu wa kuwajibika, na nia hiyo ni njema. Bali kwa mwandishi mdogo matokeo yake yalikuwa kinyume. Aliyekuwa akiandika hadharani kwa jina lake alifunga ukurasa, na mazungumzo yakahamia katika makundi ya simu, ambamo hakuna anayeyaona isipokuwa waliomo, na ambamo kuwajibika ni kugumu zaidi. Yafaa watunga kanuni wayapime hayo.

Faida zilizopatikana

Uhakiki wa haki huanza na sifa. Makundi haya yamefanya kazi ambayo hapana chombo kingine kilichoifanya kwa wepesi huo. Tazama msiba. Mtu wa Kwamsisi akifariki Dar es Salaam, watoto wa kijiji walioko Tanga, Arusha na Mwanza hupata habari kabla ya jua kutua. Mchango hukusanywa kwa simu, gari hukodiwa, na maiti hufika nyumbani. Zamani familia maskini ililazimika kuzika ugenini kwa kukosa nauli. Hilo si jambo dogo katika jamii ambayo kuzikwa kwao ni sehemu ya utu wa mtu.

Tazama pia kazi. Mkulima wa machungwa wilayani Handeni, ambaye alimngoja mchuuzi aje na bei yake mkononi, sasa aweza kuuliza bei ya Dar es Salaam kabla ya kuchuma. Wanafunzi wa zamani wa shule moja ya Korogwe huchanga wakanunua madawati au wakaezeka darasa. Huo ni ujima wenyewe, na yeyote anayesema kwamba simu imeua ujima hajatazama vizuri.

Na yapo mambo ambayo chombo hiki chaweza kuyafanya na bado hakijafanya vya kutosha. Katika karne ya 19 Wazigua wengi walichukuliwa utumwani hadi Somalia, na wajukuu wao wakakaa katika bonde la mto Juba wakiendelea kusema Kizigua. Vita vya Somalia vilipowafukuza, baadhi yao walirejea katika nchi ya babu zao, wakapewa makazi Chogo wilayani Handeni kuanzia mwaka 2003. Wengine walipelekwa Marekani. Hawa ni watu waliotunza lugha kwa zaidi ya karne moja bila shule, bila kitabu na bila redio. Kama kuna mahali ambapo jumuiya ya mtandaoni ina sababu ya kuwako, ni hapa: kumkutanisha bibi wa Chogo na mjukuu wa Marekani na mwalimu wa Handeni, wakaulizana majina ya miti, ya koo na ya mito kwa lugha yao. Anthony Mochiwa aliziandika Habari za Wazigua katika kitabu kilichotoka mwaka 1954. Leo kitabu cha pili chaweza kuandikwa na watu wengi kwa pamoja, kama atapatikana wa kukusanya na kupanga.

Kasoro

Kasoro ya kwanza ni kuabudu wingi. Mwenye kundi hujivunia watu aliowaingiza, kana kwamba anahesabu kura. Wengi wao hawakuomba kuingia, walijikuta ndani. Katika desturi zetu mtu hupiga hodi, akajibiwa, akakaribishwa, akaulizwa habari za atokako. Katika kundi la simu mgeni huingizwa bila hodi, haulizwi jina, hasalimiwi, na siku akichoka huondoka bila kuaga, na kuondoka kwake kukatangazwa na mtambo. Watu 500 walioingia hivyo si jumuiya ya watu 500. Ni abiria waliokutana Segera wakingojea mabasi tofauti.

Kasoro ya pili ni mamlaka ya anayeitwa admini. Huyu ana uwezo ambao jumbe wa zamani hakuwa nao: aweza kumfukuza mtu bila shauri, aweza kuwanyamazisha wote akabaki kusema peke yake, na hakuna aliyemchagua. Mara nyingi hakupata cheo hicho kwa hekima. Alikipata kwa kuwahi kulifungua kundi. Wapo maadmini waungwana, wenye subira na usawa, nasi twawapongeza. Lakini uungwana wao ni bahati ya wenzao. Hakuna kanuni inayowalazimisha, na wakichoka au wakipoteza simu, kundi lote hubaki yatima.

Linganisha hilo na vikundi vya kuweka na kukopa ambavyo akina mama wa vijijini wameviendesha kwa miaka mingi. Sanduku la kikundi lina kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa watu watatu. Siku ya mkutano sanduku hufunguliwa mbele ya wote, fedha huhesabiwa kwa sauti, na mwenye kuchelewa hutozwa faini aliyoikubali mwenyewe alipojiunga. Mama ambaye hakumaliza shule ya msingi ameuelewa msingi wa kuongoza jumuiya kuliko kijana mwenye simu ya gharama aliyeshika ufunguo wa watu 500 mfukoni mwake. Na lawama nyingi za makundi ya michango hutokea hapo hapo. Fedha zilipitia simu ya mtu mmoja, mahesabu hayakusomwa, na ndugu wakaacha kusalimiana. Si lazima awe amekula fedha. Yatosha kwamba hakuhesabu mbele ya watu.

Kasoro ya tatu ni neno la kuazima. Tukiyasoma makundi haya kwa siku kadhaa mfululizo, twakuta kwamba sehemu kubwa ya yanayosemwa hayakusemwa na aliyeyaleta. Yamepokewa kutoka kundi jingine na kurushwa. Dua, vichekesho, tahadhari za ugonjwa, habari za kazi zisizokuwapo, picha za ajali: vyote vyapita bila mwandishi na bila tarehe. Ukimwuliza aliyeleta, atajibu kwamba yeye amepokea tu. Jibu hilo, ambalo zamani lingemwaibisha mtu barazani, sasa limekuwa kinga ya kutosha.

Ubaya wa jambo hili huonekana zaidi wakati wa msiba. Wilaya hizi mbili zimepitiwa na barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam na Tanga kwenda Moshi na Arusha, na ajali zake zinajulikana. Usiku wa Februari 3, 2023, huko Magila Gereza wilayani Korogwe, ambako si ile Magila ya Muheza, basi dogo lililokuwa limebeba maiti na waombolezaji liligongana na lori. Watu 17 walipoteza maisha hapo, na familia iliyokuwa ikienda kuzika mtu mmoja ikalazimika kuzika wengi. Ajali za namna hii ndizo kipimo cha jumuiya. Desturi zetu zina utaratibu wa kutoa habari ya kifo: mzee hutumwa, huketi kwanza, hutafuta maneno, na walio karibu na marehemu huambiwa kabla ya umma. Utaratibu huo haukuwa wa bure. Ulimlinda mama asiusikie msiba wake njiani. Picha ya maiti ikirushwa katika makundi kabla damu haijakauka, mama huyo hupokea habari kutoka kwa mtu asiyemjua, ambaye naye aliipokea kwa asiyemjua. Tunasema bila kusita kwamba kundi linaloruhusu hayo limepoteza haki ya kujiita jumuiya.

Kasoro ya nne ni kuachia jina. Mtu asiyeijua Handeni akilitafuta jina hilo mtandaoni, hatachukua muda kukutana na matangazo ya waganga: wa kurudisha mpenzi, wa kuvuta mali, wa kushinda kesi. Wengi wa watangazaji hao hujinadi kwa jina la Handeni kama mfanyabiashara anavyobandika chapa kwenye bidhaa, na hapana ajuaye kama waliwahi kufika huko. Tiba za asili za Wazigua ni elimu ya miti na magonjwa, nayo ina wenyewe wanaoiheshimu. Kinachouzwa katika matangazo hayo ni hofu ya watu wenye shida. Lakini lawama si ya matapeli peke yao. Jina likiachwa wazi, atakayelikalia ni yule mwenye cha kuuza. Wana Handeni wanazungumza sana, ila wanazungumza ndani ya vyumba vilivyofungwa, na nje wamemwachia mganga wa bandia asimulie habari za kwao.

Jambo hilo hilo tuliliona kwa namna nzito zaidi mwaka 2022. Juni mwaka huo familia za kwanza za wafugaji walioondoka Ngorongoro zilifika kijiji cha Msomera wilayani Handeni. Kwa miezi mingi jina la Msomera lilisomwa Dar es Salaam, Nairobi na Ulaya. Wako waliosifu na wako waliolaani, na hapa si mahali pa kuamua kati yao. Twasema la uhakiki tu: katika maneno mengi tuliyoyasoma, ya watu wa mbali yalikuwa mengi, na ya wenyeji wa Handeni na ya wageni wenyewe yalikuwa machache. Maswali ya watu wanaokaa pamoja, kama vile mpaka wa shamba na malisho, maji ya kiangazi, shule ya watoto, na namna ya kusalimiana kwa watu wa lugha mbili, hayakupata ukurasa wa wazi ambapo wote wangeyasoma. Wahenga walinena kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Handeni ilikuwako, lakini katika mazungumzo juu yake yenyewe haikuwapo.

Kasoro ya tano ni usahaulifu. Blogu, pamoja na kasoro zake, iliacha kumbukumbu. Mtu aliweza kurudi nyuma akasoma yaliyosemwa miaka mitatu iliyopita. Katika kundi la simu neno la jana limefunikwa na maneno 300 ya leo. Mzee akisimulia kwa sauti asili ya jina la kijiji, wanaofika jioni hawaikuti. Simu ikiharibika, habari imekufa. Kwa hiyo tuna watu wanaozungumza zaidi kuliko vizazi vyote vilivyotangulia, na watakaoacha maandishi machache kuliko walimu wale wa Kiongozi na Mambo Leo.

Juu ya hayo yote tusisahau walio nje. Bei ya bando si ndogo kwa kibarua wa shamba la mkonge au mkulima wa milimani Bungu, na wazee wengi na akina mama wengi wa vijijini wana simu ya kitochi tu. Kundi linalojiita la kijiji, lakini halina mtu wa kupeleka maneno kwa hao na kuleta majibu yao, ni kundi la sehemu ya kijiji, na yafaa lijue hivyo kabla ya kuamua jambo kwa jina la wote.

Mambo ya kufanya

Dawa ya kasoro hizi haihitaji ufundi mpya, maana sehemu yake kubwa imo katika mila tulizo nazo. Kwanza, hodi irudishwe. Mtu asiingizwe bila kuulizwa, na aingiapo ajitambulishe na akaribishwe kwa jina. Kundi likikua hata watu wasiweze kujuana, ni afadhali ligawanywe kuliko kujivunia ukubwa.

Pili, funguo ziwe tatu. Waangalizi wachaguliwe, wawe zaidi ya mmoja, wawemo wanawake, na muda wao ujulikane. Kanuni ziandikwe chache na ziwekwe mbele ya kila anayeingia: habari ya kifo haitolewi kabla ya wenye msiba kuitoa, picha ya maiti hairushwi, aletaye habari aseme ameipata wapi, mahesabu ya mchango husomwa mbele ya wote, hafukuzwi mtu kabla ya kusikilizwa. Baadhi ya hayo yamegusa pia sheria za nchi, zikiwamo ya makosa ya mtandao ya mwaka 2015 na ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022. Lakini jumuiya inayongoja polisi ndipo iwe na adabu bado haijawa jumuiya.

Tatu, pawe na katibu. Kila mwezi yaliyo na thamani yakusanywe, yaandikwe na yawekwe pa wazi: historia ya mahali, majina ya miti, maamuzi ya mkutano, bei za mazao. Maofisa utamaduni wa wilaya wangefanya kazi ya maana kama wangewasaidia makatibu hao, na wanachuo wa ualimu Korogwe wangepata humo mazoezi ya kuandika yanayowafaa watu.

Nne, jumuiya iwe na miguu. Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilikatwa nchini kwa siku kadhaa, na makundi yote yakanyamaza kwa mara moja. Lililokuwa na daftari la majina, mjumbe katika kila kitongoji, na siku ya kukutana uso kwa uso, liliweza kuendelea. Lililokuwa ndani ya simu tu lilikoma mpaka mtambo uliporudi. Jumuiya yenye nyumba moja tu, tena ya kupanga, haina budi kufikiria mahali pengine pa kukaa.

Hitimisho

Tumesema kwamba chombo si jumuiya, na kwamba Handeni na Korogwe zina chombo kwa wingi. Zina pia mambo ambayo watengenezaji wa mitambo hiyo hawakuyatia ndani yake: hodi, zamu ya kusema, sanduku la kufuli tatu, na mzee aketiye kwanza kabla ya kutamka habari ya kifo. Mambo hayo hayakuzeeka kwa sababu simu zimekuja. Yameachwa mlangoni tu na watu waliokuwa na haraka ya kuingia.

Wajibu wa kuyaingiza ni wa wale wanaozishika funguo leo. Kila aliyefungua kundi kwa jina la kijiji chake amechukua jina ambalo si mali yake peke yake. Ni la waliomtangulia na la watakaokuja. Basi ajiulize leo hii, akisha kusoma: nikiondoka kesho, watu hawa watajuana? Mahesabu yao yatasomeka? Na mama aliye mbali, siku ya msiba wake, ataambiwa na nani?